Soma Masharti, si Dibaji: Rehani za Watu wa Vita vya Msalaba

Jumamosi ya mkesha wa Pasaka, tarehe 12 Aprili 1096, askari wa farasi aitwaye Achard, wa ngome ya Montmerle kando ya mto Saône, katika Ufaransa ya leo, aliweka rehani mali yake kwa watawa wa Cluny. Alipokea solidi 2,000 za sarafu ya Lyon na baghala wanne. Solidi ilikuwa hesabu tu. Kilichotoka mkononi ni dinari ndogo za fedha, 12 kwa kila solidi. Hizo ni dinari 24,000. Ukichukua kila moja kuwa na gramu moja hivi, mzigo unakaribia kilo 24 za madini ya fedha, na hapo unaelewa kwa nini baghala wameandikwa pamoja na pesa.

Hati hiyo ina sehemu mbili, na mtu asiyezitenganisha atapotea. Ya kwanza ni dibaji: Achard anasema ameuona msafara mkubwa wa Wakristo wakienda Yerusalemu kupigana kwa ajili ya Mungu, naye amevutwa na nia hiyo hiyo, anataka kwenda na silaha zake. Ya pili ni masharti. Hakuna mtu, hata ndugu wa damu, atakayeruhusiwa kuikomboa mali hiyo isipokuwa Achard mwenyewe. Akifa safarini, mali ni ya Cluny milele. Na akiamua, kwa namna yoyote ile, kubaki katika nchi zile, vilevile ni ya Cluny milele.

Kwa miaka mingi wasomi wamegombana juu ya dibaji. Wapo wanaoichukua kama ilivyo na kusema watu hawa waliondoka kwa imani. Wengine wanaiona kuwa pazia tu, nyuma yake kuna tamaa ya ardhi. Ugomvi huo huo umefika kwenye mijadala yetu ya Kiswahili mitandaoni, ambako Vita vya Msalaba hutolewa kama kesi ya dini moja dhidi ya nyingine, kila upande na aya zake na idadi yake ya waliouawa. Kwa maoni yangu pande zote zinasoma sehemu isiyofaa ya karatasi. Dibaji iliandikwa na mtawa aliyejua Kilatini, kwa maneno yaliyozoeleka katika chumba chake cha uandishi. Achard huenda hakuweza hata kuisoma. Lakini masharti ni yake, kwa sababu ndiyo yaliyomgusa yeye na ukoo wake. Nayo yanatuambia jambo ambalo dibaji haikuweza kusema: siku ile, Achard hakujua kama atakufa, atarudi au atahamia. Aliweka mlango kwa kila moja. Mtu anayekwenda kujichukulia shamba Mashariki hana haja ya kujiwekea haki ya kukomboa la nyumbani, na aliyekwishaamua kufa shahidi hana haja ya kutaja kubaki. Swali la “kwa Mungu au kwa mali?” linamtaka awe na jibu moja ambalo hakuwa nalo.

Cluny haikuwa mkopeshaji wa kawaida. Ilikuwa abasia ya Wabenedikto, shirika lile lile ambalo wasomaji wa kusini mwa Tanzania wanalijua kupitia Ndanda na Peramiho, na katika karne ya 11 ilikuwa miongoni mwa nyumba tajiri kuliko zote za Ulaya ya Magharibi. Papa Urban II, aliyeitisha safari ile huko Clermont mwezi Novemba 1095, alikuwa amewahi kuwa mtawa na msaidizi wa abate hapo hapo. Oktoba ya mwaka huo, akiwa njiani kuelekea Clermont, alipita Cluny kubariki altare ya kanisa lake jipya. Kwa hiyo nyumba iliyomlea Papa aliyeita watu ndiyo iliyowakopesha walioitika. Riba ilikatazwa na Kanisa, lakini mkopeshaji alikaa juu ya ardhi na kula mazao yake mpaka deni lilipwe, na mazao hayo hayakupunguza deni hata kidogo. Msomaji wa Zanzibar atakumbuka mauzo yenye hiari ya kukomboa yaliyotumika kwenye mashamba ya mikarafuu: riba imekatazwa, mavuno hayakukatazwa. Kanisa lenyewe liliona tatizo baadaye. Mtaguso wa Tours wa mwaka 1163 ukawakataza makleri rehani za namna hiyo. Achard alikuwa ameshakufa kitambo.

Kazi ya kuwatafuta watu hawa kwa majina ilianza zamani, lakini iliyobadilisha uwanja ni ya mwanahistoria Mwingereza Jonathan Riley-Smith, aliyechapisha matokeo yake mwaka 1997 baada ya kupekua hati za namna hii kutoka maeneo mengi ya Ufaransa na majirani zake. Utaratibu wake ni rahisi kuueleza na mgumu kuufanya.

Unaanza na madaftari ya nakala, yaani vitabu ambamo monasteri zilinakili hati zao ili zisipotee. Za Cluny pekee zilizochapishwa ni zaidi ya 5,000, katika majuzuu sita yaliyotoka kati ya 1876 na 1903. Unatafuta neno Yerusalemu, ambalo kwa Kilatini cha waandishi wale linakuja kwa tahajia kadhaa. Hutafuti neno “vita vya msalaba”, kwa sababu halikuwepo. Walisema safari, njia, hija. Hapo ndipo tatizo la kwanza linapojitokeza: mtu aliyekwenda kuhiji kwa amani mwaka 1090 na aliyekwenda na upanga mwaka 1096 huandikwa kwa maneno yale yale. Achard amerahisisha mambo kwa kusema anakwenda na silaha. Wengi hawakusema, na bila tarehe ya uhakika hawafai kuhesabiwa.

Tarehe zenyewe ni msitu. Sehemu nyingine za Ufaransa zilibadilisha mwaka siku ya Pasaka, nyingine Krismasi, nyingine tarehe 25 Machi. Mahali palipofuata Pasaka, hati iliyoandikwa mkesha ule wa Aprili ingebeba mwaka 1095, na ya kesho yake asubuhi 1096. Mtafiti asiyejua desturi ya mahali husika anaweza kumtoa mtu nyumbani mwaka mzima mapema mno, hata kabla Papa hajahubiri. Dawa yake ni kulinganisha: mfalme gani ametajwa, askofu gani, siku gani ya juma. Kwa upande wa Waislamu mbinu ni hiyo hiyo. Waandishi wa Kiarabu wanaweka kutekwa kwa Yerusalemu siku ya Ijumaa mwishoni mwa Shaaban mwaka 492 Hijria, na 15 Julai 1099 kweli ilikuwa Ijumaa. Siku ya juma ni shahidi mzuri kuliko tarakimu, maana mnakili hukosea tarakimu kwa urahisi zaidi.

Halafu majina. Ukoo kama jina la kudumu ulikuwa ndiyo kwanza unaanza. Robertus, Hugo na Guillelmus wamejaa kila ukurasa. Ni kama kumtafuta Ali bin Juma katika madaftari ya Unguja bila kuambiwa mtaa. Kinachookoa ni orodha ya mashahidi mwishoni mwa hati na majina ya ndugu waliotoa ridhaa, kwa kuwa mke, wana na kaka walitakiwa wakubali ili wasije kudai baadaye. Ukipata hati tano za mahali pamoja unaanza kuona nani mkwe wa nani. Ndivyo ulivyojitokeza ukoo wa Montlhéry karibu na Paris: mabinti wa nyumba ile waliolewa huku na huko, na safari ya Yerusalemu ikafuata nyuzi za ndoa zao. Baldwin wa Bourcq, aliyekuja kuwa Mfalme Baldwin II wa Yerusalemu, alikuwa mtoto wa mmoja wao, na Joscelin wa Courtenay wa mwingine. Hotuba ya Papa haielezi kwa nini ukoo huu ulijaa safarini na ule wa jirani haukutoa mtu. Wakwe wanaeleza.

Hatua ya mwisho ndiyo inayorukwa mara nyingi: kupima uhakika. Hati inathibitisha nia, haithibitishi kuondoka. Mtu anaweza kukopa, kuapa, kushonewa msalaba begani, na asivuke hata mto. Baada ya 1099 maaskofu walilazimika kuwabana walioacha nadhiri zao njiani. Hivyo orodha nzuri huwagawa watu: wa hakika, ambao wametajwa pia na shahidi aliyekuwa safarini, wanaoelekea kuwa kweli, na wa kudhaniwa tu. Orodha isiyo na mgawanyo huo usiiamini, hata iwe na majina elfu.

Hati hizi zilivunja nini? Kwanza, hadithi ya watoto wa mwisho. Ilifundishwa kwa muda mrefu kwamba waliokwenda walikuwa wadogo wasio na urithi, waliosukumwa na njaa ya ardhi. Lakini mtu asiye na ardhi hana cha kuweka rehani. Waliomo ndani ya hati ni wenye ngome, warithi, wakuu wa koo, na nyuma yao familia zinazojikamua ili kuwalipia. Gharama kwa askari mmoja wa farasi hukadiriwa kuwa mara nne au zaidi ya mapato yake ya mwaka. Robert wa Normandy aliweka rehani himaya yote ya Normandy kwa ndugu yake, mfalme wa Uingereza, kwa marki 10,000 za fedha, na mfalme akazipata kwa kuwatoza kodi Waingereza, watu ambao safari ile haikuwahusu. Kwa kuwa kila mtu aliuza kwa wakati mmoja, bei za vitu vya kuuzwa zilianguka; mtawa Guibert wa Nogent anaandika kwamba kondoo saba walikwenda kwa dinari tano. Anayetafuta faida hauzi sokoni siku kama hiyo.

Pili, walio wengi miongoni mwa waliosalimika walirudi. Fulcher wa Chartres, aliyekuwa safarini, anasema waliobaki kulinda Yerusalemu, Ramla, Jaffa na Haifa hawakuzidi askari wa farasi 300 na wa miguu kiasi hicho hicho.

Hapa lakini nataka kutofautiana na wale wanaochukua ushahidi huu na kutangaza ushindi wa imani. Hati zilizosalia ni za makanisa, kwa sababu makanisa ndiyo yaliyohifadhi karatasi. Aliyemwuzia jirani ng’ombe na jembe hakuacha alama. Mikataba kati ya askari na mfanyabiashara wa mjini imepotea karibu yote. Tukisema wapiganaji walikuwa wacha Mungu kwa kuwa hati zao zinasema hivyo, tunasahau kwamba tumezikuta hati hizo katika sanduku la watawa. Ndiyo maana nasisitiza masharti. Dibaji hukopwa kutoka hati hadi hati, sharti la kubaki ughaibuni halikopwi bila mtu kuuliza, “Na nikiamua kutorudi je?”

Wanawake wanaonekana katika sehemu hiyo hiyo ya hati. Dodo wa Cons aliondoka pamoja na mkewe Hadvide, na wote wawili wakarudi. Emerias wa Alteias aliapa mwaka 1098 kwenda, na askofu wa Toulouse akamshawishi ajenge nyumba ya kuhudumia maskini badala ya safari. Wengi zaidi ni wale ambao jina lao liko mstari mmoja tu, “mke wangu ameridhia”. Ridhaa hiyo ilimaanisha kukaa miaka mitatu kwenye ardhi ambayo mavuno yake ni ya mwingine.

Kuna hati pia ambazo hazikuandikwa karne ya 11 wala ya 12 kabisa. Mfalme Louis-Philippe wa Ufaransa alipofungua kumbi za Vita vya Msalaba kwenye kasri la Versailles, mwaka 1843, familia ambazo babu zao walithibitika kwenda ziliruhusiwa kuwekewa nembo ukutani. Uthibitisho ukawa bidhaa. Mtu aitwaye Courtois na wenzake wakatokeza na mamia ya hati: babu wa fulani anakopa kwa wafanyabiashara wa Kiitalia huko Mashariki ili aendelee na vita. Familia zilinunua, nembo zikapanda. Ilikuwa mwaka 1956 ndipo mwanahistoria Robert-Henri Bautier alipoeleza kwamba mkusanyo ule ni wa kughushi. Jambo la kuangalia ni kwamba waghushi walichagua hati ya mkopo. Walijua wasomi wanaamini mikopo kuliko mahubiri. Kanuni ninayoipendekeza hapa, ya kusoma masharti, ina adui wake pia, na kinga pekee ni kuuliza karatasi imetoka katika sanduku gani na nani aliilipia.

Kwa upande wa Waislamu hakukuwa na abasia wala rehani za namna hii, kwa hiyo watu wanatafutwa kwingine: kwenye vitabu vya wasifu wa wanachuoni. Ibn Asakir wa Damascus, aliyezaliwa 1105 na kufa 1176, aliandika historia ya mji wake kwa mtindo huo, jina baada ya jina, nani alisoma kwa nani na alizikwa wapi. Ni hazina, nayo ina upogo wake: mtu akiwa hana isnadi, yaani mnyororo wa walimu aliopokea kwao elimu, hayumo. Kwa njia ya wasifu na tarikhi tunamjua mzee Yusuf al-Findalawi, mwanafiqhi wa Kimaliki, aliyetoka kwa miguu mwezi Julai 1148 majeshi ya Wafaranja, yaani watu wa msalaba kutoka Ulaya, yalipouzingira mji wa Damascus. Mtawala Unur alimwambia umri wake unampa udhuru, arudi. Mwanahistoria Ibn al-Athir anasimulia jibu lake: nimeuza, na Yeye amenunua, akiashiria aya ya 111 ya Suratut Tawba. Akauawa siku hiyo. Katika jibu lile kuna lugha ya mkataba pia, muuzaji na mnunuzi. Lakini al-Findalawi, tofauti na Achard, hakuacha kifungu cha kurudi.

Hapo tufike kwenye idadi, kwa kuwa ndipo mijadala yetu inapoharibikia. Ibn al-Athir aliandika kwamba waliouawa katika msikiti wa al-Aqsa walizidi 70,000. Hiyo ndiyo namba inayorudiwa kila mahali. Lakini Ibn al-Athir alizaliwa 1160. Mauaji yalitokea miaka zaidi ya 60 kabla hajazaliwa. Abu Bakr Ibn al-Arabi wa Seville alikuwa ameishi Yerusalemu akisoma kati ya 1092 na 1095, aliujua mji na watu wake, na alikuwa bado katika nchi za Mashariki ulipoanguka. Yeye anataja 3,000, wanaume na wanawake, wakiwemo wacha Mungu na wanachuoni. Baadhi ya watu husikia namba hii ndogo kama utetezi wa wauaji. Si kweli. Kumtaja mwanamke msomi wa Shiraz aliyeuawa pamoja na wengine ndani ya eneo tukufu kunaumiza kuliko sufuri nne nyuma ya saba. Namba kubwa hufuta nyuso.

Barua moja ya mwaka 1100, iliyokutwa katika ghala la karatasi la sinagogi la Ben Ezra huko Fustat, Cairo, inatoa picha nyingine kabisa. Wazee wa Wayahudi Wakaraiti wa Ascalon wanaandika kuomba pesa. Wameshawakomboa mateka wengi wa Yerusalemu, wamenunua na vitabu vilivyoporwa, sasa wamebaki na madeni na wengine hawajakombolewa. Wanasema hawajasikia kwamba waliouteka mji waliwanajisi wanawake. Barua hii pekee inatosha kuonyesha kwamba si kila mtu aliuawa, kwamba wapo walionunuliwa, na kwamba anayekomboa huhesabu watu mmoja mmoja, kwani kila kichwa kina bei. Bei ya kawaida ya mateka katika Bahari ya Kati ilikuwa dinari za dhahabu 100 kwa watu watatu. Ni karatasi ya madeni tena, kama ya Achard, na naiamini kwa sababu ile ile: mwombaji anayepaswa kutoa hesabu hana nafasi ya kutia chumvi sana.

Wapiganaji nao walikosea hesabu zao. Stephen wa Blois alimwandikia mkewe Adela kutoka Nicaea mwaka 1097 kwamba wangefika Yerusalemu kwa wiki tano, isipokuwa Antiokia iwazuie. Iliwazuia: kuzingira kulianza Oktoba na mji ukaanguka Juni ya mwaka uliofuata. Farasi walikufa kwa njaa mpaka, Februari 1098, askari 700 tu ndio walioweza kupanda kwenda kupigana na jeshi la Aleppo. Stephen alikata tamaa akaondoka, akarudi kwao kwa aibu, kisha akaja tena na kuuawa Ramla mwaka 1102. Mtu yule yule ni mcha Mungu, mwoga, na mwenye kutimiza nadhiri, kutegemea mwezi unaomkuta.

Na Achard wa Montmerle? Ni mmoja wa wachache ambao hati na tarikhi zinakutana juu yao. Aliwahi kuziona kuta za Yerusalemu, jeshi lilipofika mbele yake tarehe 7 Juni 1099. Kabla mwezi huo haujaisha alitumwa na wenzake kuelekea Jaffa, ambako meli za Genoa zilikuwa zimeleta chakula na mbao, wakakutana na wapanda farasi wa Kiislamu njiani. Mwandishi aliyekuwa jeshini anamtaja kwa jina kuwa ameuawa. Kwa sharti lile la Aprili 1096, haki ya kukomboa ilikufa naye hapo barabarani, na mali ya Montmerle ikawa ya Cluny. Pamoja naye, anasema mwandishi huyo, waliuawa watu maskini waendao kwa miguu. Hao hakuwataja majina.